Lubumbashi: Mbabula inatolewa nje, sigara inabaki ndani

Mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhika mji wa Lubumbashi, kila mama wa nyumba anajua sheria moja isiyoandikwa popote: mbabula haiachwi ikiwaka usiku ndani ya chumba kilichofungwa. Makala yanapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Watoto wanafundishwa jambo hilo mapema. Jirani akijua kwamba mtu amelala na mbabula ndani, atakwenda kugonga mlango.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo, jioni hiyo hiyo, mgeni akiwasha sigara saloni huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mara nyingi hakuna anayesema neno. Mtoto anaendelea kuandika kazi yake ya masomo kwenye meza ndogo. Mama mwenye mimba anapitisha chai. Nyanya anakohoa kidogo na kujifunika kitenge. Moshi unapanda mpaka kwenye dari, unashuka tena, na kukaa ndani ya mapazia na nguo mpaka asubuhi.

Gesi ile inayoogopwa kwenye mbabula, monoksidi ya kaboni, imo pia ndani ya moshi wa sigara. Kiasi chake ni kidogo na hakiui kwa usiku mmoja. Ndiyo maana watu hawaiogopi. Moshi wa sigara hufanya kazi yake kwa miaka, na ugonjwa unapotokea, ni wachache wanaokumbuka jioni zile za saloni.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Kati yao, zaidi ya milioni 1 ni watu ambao hawavuti. Walikuwa wakipumua tu karibu na mtu anayevuta.

Moshi wa aina mbili

Sigara moja hutoa moshi wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao mvutaji anauvuta na kuutoa kinywani. Wa pili hutoka kwenye ncha inayowaka, wakati sigara imeshikwa mkononi au imewekwa kwenye kisahani cha majivu. Huo wa pili haupiti kwenye kichungi, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani.

Kati ya pafu moja na jingine, ncha ya sigara huwaka kwa joto la chini kuliko pale inapovutwa. Tumbaku isiyoungua vizuri huacha sumu nyingi zaidi, kama vile kuni mbichi zinavyotoa moshi mwingi kuliko kuni kavu. Kwa hiyo anayekaa pembeni hapokei moshi uliokwisha nguvu.

Wataalamu wamehesabu zaidi ya kemikali 7,000 ndani ya moshi wa tumbaku. Karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa husababisha kansa. Humo mna benzini, mna formaldehidi ambayo hutumiwa kuhifadhi maiti, na mna aseniki ambayo zamani ilitumiwa kuua panya.

Mwaka 2006, mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti kubwa kuhusu moshi wa sigara za wengine. Ripoti hiyo ilifikia uamuzi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuitwa salama. Asiyevuta anayeishi au kufanya kazi na wavutaji anaongezewa hatari ya kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na hatari ya kansa ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30.

Bibi za wavutaji wa Japani

Kwa muda mrefu watu wengi, hata waganga, waliamini kwamba sigara ni shauri la anayeivuta. Mtu mmoja aliyechangia sana kuvunja wazo hilo ni mtafiti Mjapani, Takeshi Hirayama.

Hirayama alifuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 91,000 wa Japani walioolewa na ambao wao wenyewe hawakuvuta. Mwaka 1981 alitangaza matokeo yake: wanawake ambao bwana zao walivuta sana walikufa kwa kansa ya mapafu kuliko wale ambao bwana zao hawakuvuta. Na kadiri bwana alivyovuta sigara nyingi kwa siku, ndivyo hatari ya bibi yake ilivyopanda.

Makampuni ya tumbaku yalipinga matokeo hayo kwa nguvu. Lakini uchunguzi mwingine uliofuata katika nchi mbalimbali ulionyesha jambo hilo hilo, na leo hakuna tena ubishi katika ulimwengu wa waganga.

Kwa Kongo, habari hiyo ya Japani ina maana ya pekee. Hapa pia wavutaji wengi ni wanaume. Hapa pia ni wanawake na watoto wanaobaki ndani ya nyumba wakati papa anavuta. Mwanamke anaweza kumaliza maisha yake bila kugusa sigara hata siku moja, na bado mwili wake ukawa umepokea moshi wa miaka 30.

Mtoto hawezi kutoka nje

Mtu mzima anayesumbuliwa na moshi anaweza kusimama na kwenda uani. Mtoto wa miezi sita hawezi. Analala pale alipolazwa.

Mapafu ya mtoto bado yanakua, na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima. Kwa hiyo, katika chumba kimoja, moshi unamgusa zaidi. Watoto wanaoishi na wavutaji hupata mara nyingi zaidi kikohozi, nimonia na maambukizi ya masikio. Wenye asma hushikwa na pumzi mara kwa mara na kwa ukali zaidi. Kwa watoto wachanga, moshi huo unaongeza pia hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Madhara huanza hata kabla ya kuzaliwa. Monoksidi ya kaboni hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu ya mama, na nikotini hubana mishipa inayompelekea mtoto chakula. Mama mwenye mimba anayevuta, au anayepumua moshi wa wengine kila siku, ana hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Katika nchi ambako nimonia ni moja ya magonjwa yanayoua watoto wengi, kuanza maisha na mapafu dhaifu ni mzigo mzito.

Familia nyingi za mjini zinapikia makala, na moshi wa jiko nao huumiza mapafu. Lakini bila jiko hakuna chakula, na kubadilisha jiko kunahitaji franka. Kutoa sigara nje ya nyumba hakuhitaji kitu.

Kifua kikuu na migodi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni moja ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Sigara na ugonjwa huo vinasaidiana. Anayevuta yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu, na akishashikwa, yuko katika hatari zaidi ya kufa nacho.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na vijidudu kuvitoa nje. Moshi wa tumbaku unavilemaza vinyweleo hivyo na kudhoofisha chembe zinazolinda mapafu. Kijidudu cha kifua kikuu kinapoingia, kinakuta mlango wazi.

Katika eneo la Katanga, kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, kuna adui wa tatu: vumbi la mawe. Wachimbaji wanaoshuka kwenye mashimo ya shaba na kobalti, mara nyingi bila kinga yoyote puani, hupumua vumbi lenye silika. Vumbi hilo hukaa mapafuni na kuyaacha na makovu, na mapafu yenye makovu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mchimbaji anayevuta anaongeza moshi juu ya vumbi. Na akirudi jioni katika chumba kimoja anacholala na bibi na watoto, kikohozi chake na moshi wake vinabaki humo pamoja nao.

Kikohozi kinachopita wiki mbili hakifai kuitwa kikohozi cha sigara tu na kuachwa. Kinahitaji kupimwa. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo na programu ya taifa inayopambana na ugonjwa huo.

Msichana wa terasi

Nje ya nyumba, mahali ambapo moshi unakaa zaidi ni kwenye bari na terasi. Siku ya Ijumaa jioni muziki uko juu, chupa za bia zimejaa mezani, na juu ya meza moshi wa sigara na wa chicha. Mteja anakaa humo saa mbili au tatu, kisha anarudi nyumbani. Msichana anayepeleka chupa mezani anabaki mpaka usiku wa manane, siku sita kwa wiki. Hajanunua sigara hata moja, lakini kwa mshahara wake amelipia moshi wa watu wote.

Kisheria, msichana huyo hajasahauliwa. Kongo ilithibitisha mwaka 2005 mkataba wa dunia wa kupambana na tumbaku, uliopitishwa chini ya OMS mwaka 2003. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinazitaka nchi kuwalinda watu dhidi ya moshi wa tumbaku mahali pa kazi, katika usafiri wa umma na katika nafasi za umma zilizofungwa. Sheria ya Kongo nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka kanuni za msingi za mpangilio wa afya ya umma, nayo inagusa tumbaku na kukataza kuivuta katika nafasi za watu wote.

Kati ya karatasi hiyo na meza ya terasi kuna umbali mrefu. Mwenye bari anaogopa kupoteza wateja. Msichana anaogopa kupoteza kazi. Mteja hajawahi kusikia kwamba sheria hiyo ipo.

Wengine wanadhani feni au dirisha wazi vinatosha. Havitoshi. Feni inausogeza moshi kutoka meza moja hadi nyingine, na kutenga kona ya wavutaji ndani ya ukumbi ule ule hakuzuii hewa kuzunguka. Kinachowalinda watu ni ukumbi usiovutwa kabisa, na wavutaji kutoka nje.

Nchi zilizofanya hivyo zimeona faida haraka. Ireland ilikuwa ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, pamoja na bari, mwezi Machi 2004. Uskochi ilifuata Machi 2006. Katika hospitali tisa za Uskochi zilizochunguzwa, watu waliolazwa kwa ugonjwa wa ghafla wa mishipa ya moyo walipungua kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata. Na kati ya walioepushwa na ugonjwa huo, karibu theluthi mbili walikuwa watu wasiovuta. Kuhusu hofu ya biashara, uchunguzi uliokusanywa na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa mwaka 2009 ulionyesha kwamba bari na mikahawa haikupoteza mapato kwa sababu ya sheria kama hizo.

Hatua hizo haziko Ulaya tu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya nafasi zote za umma na za kazi, na hata nje, katika umbali wa mita 50 kutoka hapo.

Chicha: maji hayaoshi moshi

Kwa vijana wengi wa mjini, chicha inaonekana kama mchezo usio na hatari. Ina harufu ya matunda, moshi wake umepoa, na kuna maji ndani ya chupa. Wengi wanaamini kwamba maji hayo yanaosha moshi.

Maji yanaupoza moshi tu. Kwa sababu umepoa, kijana anauvuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. OMS imeeleza kwamba kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kuingiza moshi mwingi mara 100 au zaidi kuliko sigara moja. Na juu ya chicha kuna makala yanayowaka. Gesi ile ya mbabula inarudi hapo tena, safari hii ikipita moja kwa moja kwenye bomba mpaka mapafuni. Isitoshe, bomba linapopita kutoka kinywa hadi kinywa, magonjwa yanayoambukizwa kwa mate hupita nalo.

Nchi kadhaa zilizo upande wa mashariki wa Kongo zimeshafunga mlango huo. Uganda iliikataza chicha katika sheria yake ya 2015, Tanzania mwaka 2016, Rwanda na Kenya mwezi Desemba 2017.

Sigara moja moja

Katika mitaa ya Kenya, Katuba au Kampemba, ni wachache wanaonunua pakiti nzima. Sigara huuzwa moja moja, kwenye kibanda au kwenye karatoni ya muuzaji anayetembea, pamoja na pipi, biskuti na karanga. Kwa hiyo maonyo ya afya yanayochapwa kwenye pakiti hayafiki machoni mwa mnunuzi. Anayepewa sigara mkononi haoni onyo lolote.

Na mara nyingi anayetumwa kununua ni mtoto. Mjomba anatoa noti, mtoto anakimbia, anarudi na sigara mkononi. Hakuna aliyemfundisha kuvuta, lakini amejifunza kwamba sigara ni kitu cha kawaida kama mkate, na kwamba muuzaji hatamkatalia. Kifungu cha 16 cha mkataba ambao Kongo iliuthibitisha kinazitaka nchi kukataza kuwauzia watoto tumbaku, na pia kujitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja, kwa sababu bei hiyo ndogo ndiyo inayowafungulia watoto njia.

Familia haihitaji kungoja serikali ili kuacha kumtuma mtoto sigara.

Kuacha ni vigumu, lakini mwili unasamehe

Mvutaji naye si wa kudharauliwa. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu baada ya pafu moja, na ubongo hujifunza haraka kuidai tena. Wengi wanaojaribu kuacha hushindwa mara ya kwanza na ya pili kabla ya kufaulu. Hilo ni dalili ya uraibu, ambao ni ugonjwa, na maneno ya kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake hayamsaidii.

Kinachosaidia ni kujua kwamba mwili huanza kujitengeneza mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanashuka. Baada ya saa 12, monoksidi ya kaboni katika damu inarudi kwenye kiwango cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu.

Wanaofaulu mara nyingi huchagua siku maalumu ya kuacha na kuwaambia watu wa nyumbani. Huondoa sigara zote karibu nao, na kwa wiki za kwanza huepuka mahali walipozoea kuvutia. Hamu kali ya sigara hudumu dakika chache tu. Glasi ya maji, kutembea kidogo au mazungumzo na rafiki yanaweza kuipitisha. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kutoa ushauri, na mgonjwa anayefika kwa kikohozi au kwa moyo ana haki ya kuuliza kuhusu sigara hata kama hakuulizwa.

Kwa yule ambaye bado hajaweza kuacha, kuna hatua inayowezekana leo hii: kutovuta ndani ya nyumba, wala ndani ya gari lenye watu, wala karibu na mtoto au mama mwenye mimba. Tafiti zinaonyesha kwamba wavutaji wanaoishi katika nyumba isiyovutwa hupunguza idadi ya sigara zao, na wengine mwishowe huacha kabisa.

Kinachobaki kigumu ni kusema. Bibi anaona haya kumwambia bwana, mtoto hawezi kumwambia mjomba, na mwenye nyumba hataki mgeni aone kwamba amefukuzwa. Lakini heshima na afya vinaweza kukaa pamoja. Kiti kikiwekwa barazani na kisahani cha majivu kikatangulia huko, mgeni anaelewa bila kugombezwa. Na mama wa nyumba anaweza kusema kwa upole: papa, tunaomba uvutie nje, kuna mtoto mchanga.

Hakuna mgeni Lubumbashi anayekasirika akiombwa kusaidia kuitoa mbabula nje kabla ya watu kulala. Kila mtu anajua ni kwa nini. Sigara inasubiri kueleweka vivyo hivyo.